Maiki ya Kumlaza Mtoto

Benchi letu liko nje ya kibanda cha fundi cherehani, na siku ile Fundi mwenyewe ndiye aliyeleta ubishi. Dada yake aliyeolewa mbali kajifungua, na kichanga hakilali. Kaomba arekodiwe ule wimbo wa kubembelezea waliolelewa nao. Basi tangu Jumatatu Fundi anatafuta maiki ya bei nafuu ya kurekodia nyumbani, na tangu Jumatatu hashoni. Washauri wake ni Volti, fundi redio, na Mheshimiwa, aliyegombea udiwani mara tatu akaangushwa mara nne.

— Usinunue maiki ya kondensa, Volti alisema. Ile inasikia kila kitu. Chumba chako hakina dari, itarekodi mpaka mawazo ya jirani.

— Isiyo na umbea ni ipi? Fundi akauliza.

— Dainamiki. Humsikia aliyeisogelea tu. Ila masikio yake mazito, lazima uiwekee priampu, kisanduku cha kuikuza sauti kabla haijaingia kwenye kompyuta.

— Kwa hiyo nanunua kiziwi, halafu namtafutia mkalimani?

— Umeelewa.

Mheshimiwa akatua kikombe.

— Priampu ya nini? Ingia kabatini, funga mlango, imba. Makoti yanameza mwangwi.

— Kabati langu ni droo tupu, Mheshimiwa.

— Basi imba kwa awamu. Droo moja, ubeti mmoja.

— Droo ya mbao inazidisha besi, Volti akaruka. Mtoto ataamka na ndevu!

— Ndiyo maana nasema Fundi alale kifudifudi, godoro mgongoni, maiki ndani ya soksi.

— Soksi ya mguu upi? Fundi akauliza.

Hapo waligombana vikombe viwili vizima vya kahawa. Fundi alikuwa anaandika.

Akatokea mteja mmoja wa kike, kaja kuchukua gauni lake ambalo hata kukatwa halijakatwa. Akasikiliza kwanza.

— Samahani, kaka. Huo wimbo, nani alikuwa akiwaimbia?

— Mama.

— Mungu amrehemu.

— Amrehemu wapi? Yumo ndani, anapiga pasi.

— Sasa mbona haimbi yeye?

Fundi akamtazama Volti. Volti akamtazama Mheshimiwa. Mheshimiwa akaagiza kahawa nyingine.

— Siku zote hizi nangoja niulizwe, sauti ikatoka dirishani. Lete simu yako hapa, mwanangu.

Fundi akaingia mbio. Sisi wa nje tukakaa kimya, tusije tukaingia kwenye wimbo.