Jasho la Tandiko

Yalianza siku ya Alhamisi, saa kumi na mbili na robo asubuhi, wiki ya pili baada ya kumzika baba yenu, wala hayakuanza jana kama mnavyonong'onezana huko jikoni mkidhani masikio yangu yametangulia kufa. Kaeni, wanangu. Mkubwa, usisimame mlangoni kama mtu aliyekuja kudai chake, vuta kigoda. Mwalimu, weka simu chini, daktari ameshasema alilosema na hana jingine. Na wewe Kitinda, kama ni kulia, lia sasa umalize, kwa sababu nina maneno mengi na pumzi yangu siku hizi naipata kwa kuomba.

Nyote mlikuwepo jana mwenye tanuri la matofali alipokuja kumtazama Ridhaa. Mkubwa ndiye aliyemwita, na simlaumu, jike la farasi asiyepandika na asiyevuta mkokoteni ni mdomo tu wa kulisha. Yule bwana akamtazama meno, akamwinua kwato, kila kitu sawa, kisha akamwekea kiganja mgongoni na kukiondoa kama aliyegusa sufuria.

"Mama, nani katoka kumpanda huyu?"

"Hajapandwa tangu mwenyewe afe."

"Basi hili nini? Jasho la tandiko hili hapa. Na ukanda wa tumboni umepita hapa." Akaufuata ule unyevu kwa kidole, na kweli umbo la tandiko lilikuwepo, limekamilika hadi alama za vikuku vya kukanyagia mpandaji. Kisha akacheka, lakini macho yake hayakucheka. "Samahani, mama. Mimi nimekuja kununua farasi, sikuja kununua farasi na abiria wake."

Ninyi mlishtuka. Mimi sikushtuka, kwa kuwa jasho lile nimelifuta kwa tambara kila asubuhi kwa miaka miwili kabla hamjaamka, ila jana nguvu zilinishinda. Nililificha nikidhani litakwisha, lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi ndiyo huyu naumbuka. Sikilizeni basi, mjue mnachorithi.

Nyumba hii ni ya Mwalimu, kwa sababu ndiye atakayelikarabati paa mwezi uleule likivuja, ninyi wengine mtaweka beseni. Karakana ya baba yenu, fuawe, makoleo na misumari ya kwato, ni vya Mkubwa. Ukuta wa nyuma msigombane na fundi seremala, umeingia kwake, na baba yenu alijua hivyo siku anaujenga, ila walikuwa wamenuniana kwa ajili ya mbwa. Mbwa alishakufa, seremala naye kazeeka, mwacheni avunje ajenge pake.

Farasi ndio wazito kugawa, kwa sababu farasi hagawiwi kama sahani. Hakimu, yule wa kijivu, ni wa Kitinda. Mnamjua, hatoki bandani kama kuna watu wawili wanagombana uani, anasimama tu, anawatazama, mpaka mmoja aone aibu. Mimi na baba yenu amewahi kutupatanisha mara nyingi kuliko wazee wa pande zote mbili. Kitinda una hasira za karibu, kwa hiyo kaa naye. Shangazi, yule mwekundu anayefungua komeo kwa midomo na kwenda kuchungulia dirisha la jirani, mpeni yeyote anayependa kujua mambo ya watu. Mwalimu, usinikunjie uso, nimesema yeyote. Na Mkwe asiyekula akitazamwa, mwekeeni shayiri mgeuze kichwa, msimcheke. Ana haya zake, na haya ya mnyama haina uongo.

Amebaki Ridhaa.

Nilikuwa namwita mke mwenzangu, na mlikuwa mnacheka. Lakini jueni kwamba kicheko changu kilikuwa na mfupa ndani. Baba yenu alipovunjika goti la kushoto likagoma kukunjika, watu walimwambia ashike kazi ya kuvalisha farasi viatu, kupanda asahau. Akamchukua yule jike akiwa mdogo, akamfundisha kupandwa kutokea kulia, kwenye lile jiwe la uani, wakati farasi wote duniani wanapandwa kushoto. Alikuwa anakohoa mara mbili, kisha anaweka mguu. Ridhaa akisikia kile kikohozi anatanua miguu ya mbele, anaushusha mgongo kidogo kumpunguzia mzee kimo, na uzito ukimkalia anashusha pumzi ndefu, kama mtu aliyefika kwake. Hakuna mwingine aliyefanyiwa hivyo. Mimi nikimkaribia alikuwa ananigeuzia mkia. Siku moja nikamwambia baba yenu, "Chagua, mimi au huyu." Akanijibu, "Mke wangu, wewe unajua kupika. Yeye anajua kunyamaza. Mnataka nife na njaa au nife na kelele?" Nikamrushia kitambaa cha mezani, tukacheka wote, na yule jike kule nje akalia, kana kwamba na yeye amesikia.

Kisha akafa, mnajua alivyokufa, kitandani mwake, mchana, bila kusumbua mtu. Nilimwosha. Namjua yule mtu hadi kovu la kisigino. Tulimzika, na Ridhaa akaacha kula. Akasimama kando ya jiwe, ubavu wa kulia ukilielekea, jua likimpata na mvua ikimpata, mbavu zikaanza kuhesabika.

Mkubwa, inua uso. Sikutii aibu mbele ya wadogo zako, nasema ili kila mtu ajue chanzo. Mtu asiyeishi na farasi asingekosea kosa lile. Wewe ulilikosea kwa sababu unawajua. Ulijua farasi anamtambua mtu kwa harufu, kwa upande na kwa sauti, basi ukamkusanyia vyote vitatu. Asubuhi ile ya Alhamisi ulivaa koti la baba yako lisilofuliwa, ukapanda juu ya jiwe upande wa kulia, ukakohoa mara mbili. Na yule jike akatanua miguu, akashusha mgongo. Mlikwenda hadi machimbo ya mawe, mkarudi, ukaingia jikoni kwangu machozi yanakutoka kwa furaha, "Mama, amekula! Amemaliza ndoo nzima!" Nilikuuliza umevaa nini, nawe ukacheka, "Mama, si koti tu." Nikakuambia mwanangu, usimwamshe aliyelala, utalala wewe. Ukadhani nazungumzia marehemu.

Sikuwa nazungumzia marehemu. Marehemu amelala salama. Nilikuwa namwogopa mwingine, na sikuwa na jina lake, sinalo hata sasa. Ulimwambia mnyama mwaminifu kwamba mahali pa bwana wake pana mtu. Ukaita, kisha ukashuka ukaenda zako, na mahali pale pakabaki wazi, pameitiwa mtu, na hapana mwenyewe. Nyumba ya namna hiyo haikosi mpangaji.

Kesho yake, kabla ya jua, nilikuwa natoka kuchukua kuni nikamwona Ridhaa kando ya jiwe. Hapakuwa na mtu. Akatanua miguu. Akashusha mgongo. Nikauona mgongo ukizama zaidi, kama godoro linavyozama, akashusha ile pumzi yake ndefu, akaondoka taratibu kuelekea kwenye lango, na lango hatulifungi. Akarudi jua limechomoza, analo jasho. Siku za mwanzo lilikuwa dogo, kama la mtoto. Nikasema moyoni, kama ni mzee amerudi kumtembeza mpenzi wake, na iwe, mimi mke mwenza nimezoea kugawana.

Lakini nikaanza kutazama nyayo. Mvua iliponyesha na tope likalainika, niliona kwato zimezama kidogo wakati wa kwenda, na wakati wa kurudi zimezama zaidi. Kila msimu zaidi. Baba yenu alikuwa mwembamba kama mpini wa jembe, na uzito ule haukuwa wake. Bado nikajidanganya. Hadi wiki iliyopita nilipokuwa nimekaa hapahapa dirishani, nikasikia kikohozi uani. Mara mbili. Miaka mingi nimelala kando ya kikohozi cha baba yenu, wanangu, nakijua kinavyoanzia kifuani na kinavyoishia puani. Kile hakikuwa chake. Kilikuwa kikohozi chako wewe, Mkubwa, kile cha Alhamisi ile ukimuigiza yeye, na wewe ulikuwa umelala ndani.

Nyamaza Kitinda. Nyamaza mama. Mshike mkono, Mwalimu.

Ndiyo maana nasema Ridhaa hauzwi. Ukimuuza, unamuuza pamoja na mgeni wake, na mwenye tanuri ana watoto. Wala hapigwi risasi, maana mnyama hakutenda kosa, alishika ahadi tu, na wangapi kati yetu tumeshika? Lakini pia haachwi hivihivi. Amekonda. Mwaka mwingine wa kubeba mzigo ule mgongo utavunjika, na abiria akikosa farasi atatafuta kingine cha kukalia, na aliyemwita, wewe Mkubwa, anamjua kwa sauti. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, si kifo. Kifo ni kazi ya kawaida.

Nipe maji. Kidogo. Yatosha.

Shikeni haya. Koti lile, Mkubwa, najua unalo, liko nyuma ya mlango wako. Lichome leo, jua likiwaka, usibakize kifungo. Jiwe la uani ling'oeni mlipeleke kwa seremala, alitumie kwenye msingi wa ukuta wake. Nikiondoka, mtu asivae nguo yangu mbele ya wanyama, mtu asiwaite kwa sauti yangu, hata kwa mzaha, hata kwa huzuni. Hakimu atanitafuta. Mwacheni atafute, mwacheni asile siku zake. Mnyama anayo haki ya kuomboleza ukweli. Msimpe uongo kwa sababu mnamwonea huruma, huruma ya namna hiyo ndiyo iliyotufikisha hapa.

Na kesho, Mkubwa, nenda kwa Ridhaa na nguo zako, jasho lako, jina lako. Simama kushoto. Mwambie, "Ni mimi, mwanawe, yeye amekufa." Mwambie hivyohivyo. Atakugeuzia mkia. Pengine atakupiga teke. Akikupiga teke shukuru Mungu, ujue amebaki farasi tu, na usimpande mpaka mwenyewe aje akuwekee kichwa begani. Ikichukua mwaka, ichukue. Yeye ni wako. Ulimpenda vibaya, sasa mpende vizuri.

Sasa nawapa radhi zangu. Mkubwa, radhi. Mwalimu, radhi, na upunguze ukali. Kitinda wangu, radhi... radhi mara nyingi. Mungu awape mkono mwepesi kwenye hatamu. Awape kulala mkaamka. Mpendane hata... hata mkinuniana. Mlango wenu usibishwe na msiyemjua, na mkibisha kwa watu mfunguliwe.

Msitoke. Sijamaliza. Sogeeni huku, sauti inaniishia.

Mnataka kujua kama kesho Ridhaa atakuwa mwepesi. Atakuwa. Asubuhi ya leo, mlipokuwa mmelala, nilitoka. Nilishika ukuta... nikafika uani. Alikuwa amesimama pale, mgongo umezama, amekwishakaliwa. Miguu inamtetemeka, maskini. Nikapanda juu ya jiwe. Kwa mara ya kwanza hakunigeuzia mkia. Akanitazama tu.

Sikutaja jina la baba yenu. Nikasema, "Wewe uliyekaa hapo, mwenye mahali hapo nimemzika kwa mikono yangu. Uliitwa kwa makosa. Shuka."

Mgongo haukuinuka. Nikasema tena, kama tunavyomwambia mgeni, "Umechoka, nami nimechoka. Mnyama huyu ni mzee. Njia ninayokwenda mimi haihitaji farasi. Shuka, twende wote."

Mgongo ukainuka. Polepole. Ridhaa akajitikisa mwili mzima, kama aliyetoka mtoni... akaenda kwenye majani, akaanza kula. Na mimi nikahisi baridi hapa, kwenye kiwiko. Kama mtu aliyeshika mkono wa mwenyeji kwa kuwa hajui njia.

Nikatembea naye. Taratibu, maana ni mzito. Tukapita jikoni, tukapita milango yenu, nikaifunga kila mmoja nikipita. Tukaingia humu. Nikafunua shuka, nikampisha alale upande wa ukutani. Nami nikalala upande huu, kati yake na ninyi.