Sauti ya Neville Bloor Chini ya Karatasi Nyeupe

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu na redio, na aliye na sufuria jikoni apunguze moto. Leo namkumbuka mtu mmoja tu. Neville Bloor wa Burslem, Uingereza, mwimbaji wa soul na roki, alifariki wiki mbili zilizopita akiwa na miaka sabini na minane. Jina hilo huenda hamjawahi kulisikia. Basi mlisikie leo: Neville Bloor.

Niliishi mtaa mmoja naye miaka kumi na tisa, na sikuwahi kusikia sauti yake hata siku moja. Nasema tena, maana najua mtadhani nimekosea. Mwimbaji huyu aliishi miaka hamsini na mmoja bila sauti. Alizungumza kwa kalamu. Ameacha madaftari mia mbili na kumi, na binti yake, Janine, amenikabidhi nisome. Mengi ya haya ninayowaambia yametoka humo, na mengine kwa Janine mwenyewe.

Alizaliwa mwaka 1946. Baba yake alichoma vyungu kiwandani, na yeye akaingia kiwanda kilekile akiwa na miaka kumi na mitano. Kanisani alifukuzwa kwaya kwa sababu alizima sauti za wenzake wote. Akiwa na miaka ishirini alianzisha bendi na vijana watatu wa tanuri. Mpiga ngoma alikuwa Wilf Tunnicliffe, mtu mwenye haraka kuliko moto wa petroli. Wilf alikuwa akianza kabla ya kila mtu. Kumzuia, Neville akabuni dawa: kabla ya kila wimbo aligonga meza kwa pete ya babu yake. Tatu, kimya, kisha moja. Ndipo Wilf alipopiga. Shikeni hilo, wapendwa. Tatu, kimya, kisha moja.

Waliimba kwenye klabu za wafanyakazi, Jumamosi kwa Jumamosi. Na kama umekaa kule unajua, mwimbaji wa klabu ni mgeni wa bingo, ule mchezo wa bahati wa kufuta namba kwenye kadi. Watu wakipiga soga wakati anaimba, sawa. Mtu akikohoa wakati namba za bingo zinasomwa, atatolewa nje. Siku moja Neville alikuwa katikati ya wimbo wa mapenzi, macho kayafumba, katibu wa klabu akapanda akamnyang'anya kipaza sauti.

"Asante, mwanangu, shuka. Mipira ya namba imefika."

"Bado beti mbili, mzee!"

"Kamalizie kwenu bafuni."

Ukumbi ulicheka. Lakini binti mmoja wa meza ya mbele hakucheka. Huyo alikuwa Beryl, aliyechora maua kwenye vikombe pale kiwandani. Alisimama na kadi yake ya bingo mkononi akapaza sauti, "Mwacheni amalize! Anaimba kwa pua, lakini anaimba!" Wakaoana mwaka uliofuata.

Mwaka 1967 bendi ilikwenda London kwa siku moja ikarekodi santuri moja. Wimbo uliitwa "Usizime Taa ya Jikoni." Neville aliutunga mwenyewe. Fundi wa studio alitaka kukata ule mlio wa pete mwanzoni, Neville akakataa. "Ukikata huo," alimwambia, "Wilf hatajua aanze lini." Zikachapwa nakala mia tano. Kabla ya Krismasi kampuni ile ndogo ilikuwa imefilisika, na santuri zikapelekwa kuyeyushwa. Kila mwanabendi alibaki na moja. Jumatatu Neville alikuwa tanurini.

Aliendelea kuimba klabuni, akingoja bingo imalizike. Mwaka 1971 akapata binti, Janine. Mwaka 1974 akapata saratani ya koo. Janine alikuwa na miaka mitatu tu. Madaktari walimwambia achague uhai au sauti, na mtu mwenye mtoto wa miaka mitatu hana la kuchagua. Wakakitoa kisanduku cha sauti kooni. Akatoka hospitali na tundu shingoni na daftari mfukoni.

Sasa sikilizeni jambo hili, maana ndilo lililoharibu yote. Neville akiwa bado wodini, akina mama wa kanisa walipita nyumba kwa nyumba kukusanya vitu vikuukuu vya kuuza. Beryl aliingia sebuleni, akaiona ile santuri, akaitoa. Akawapa pamoja na makoti mawili na taa ya mezani.

Daftari la kwanza lina maandishi ya Neville peke yake, lakini maneno ya Beryl ameyaandika pembeni kwa herufi ndogo, kama mtu anayetaka ushahidi.

"Iko wapi?"

"Nimeitoa, Nev. Kanisani. Nipige ukitaka."

"Kwa nini?"

"Niliogopa utaiweka. Ningesikia sauti yako inatoka kwenye sanduku la santuri na wewe umekaa hapo unaniangalia. Ningefanyaje mimi? Niambie, ningefanyaje?"

Na chini yake Neville kaandika mstari mmoja, kalamu imetoboa karatasi: "Janine hajaisikia."

Basi. Hilo ndilo alilolitaka Neville Bloor tangu siku ile hadi anakufa. Hakutaka umaarufu. Alitaka mwanawe aisikie sauti ya baba yake, na ajue kuwa ni ya baba yake.

Hospitali walimfundisha kusema kwa kumeza hewa na kuicheua. Alijifunza miezi sita. Siku alipomwita Janine kwa sauti ile, mtoto alijificha nyuma ya kochi akalia mpaka akatapika. Akaanza kumwita kwa pete. Tatu, kimya, kisha moja. Ngazini, kama chakula tayari. Ukutani, kama ni kulala. Mtoto akawa anakuja mbio.

Miaka ile vijana wetu wa kaskazini walikuwa wamepagawa na soul ya Marekani. Walitaka santuri adimu, ya mwimbaji mweusi asiyejulikana, na ya Mwingereza hawakutaka hata kuisikia. Na madijei walikuwa na desturi yao. Dijei akipata santuri asiyo nayo mwingine, alibandika karatasi nyeupe juu ya lebo akaandika jina la uongo, ili dijei wa ukumbi jirani asiende kuitafuta. Wote walifanya hivyo. Hakuna aliyeona ni dhambi.

Jumapili moja mchana, mwaka 1977, Neville na Janine walikuwa wanatoka kwa bibi huko Hanley, mtoto kashika keki kwenye karatasi. Wakapita nje ya ukumbi wa dansi. Neville akasimama. Ilikuwa sauti yake.

Mlinzi alisema, "Kaka, mtoto haruhusiwi." Neville alimpita kana kwamba ni pazia. Ndani kulikuwa na vijana mia nne, wamenyunyiza poda sakafuni wapate kuteleza, wanazunguka na kuruka, na juu yao Neville Bloor anaimba. Neville alivuta kifuniko cha kalamu, kikakwama. Alikitoa kwa meno. Akaandika, akamshikia Janine daftari. Mtoto wa miaka sita, anasoma neno moja moja kwa kidole: "HUYU ANAYEIMBA NI BABA."

Wimbo ukaisha. Jukwaani dijei akanyanyua kipaza sauti: "Lucius Tarrant, mabibi na mabwana! Kutoka Detroit!" Ukumbi ukaitikia, "Lucius! Lucius!"

Janine akatazama jukwaa, akatazama daftari. "Baba muongo," akasema. "Yule bwana kasema ni Lucius."

Neville alijaribu kusema. Alimeza hewa akaicheua, na kilichotoka ni mkoromo. Wasichana wawili waliruka pembeni. Janine akaziba masikio, na keki ikaanguka sakafuni.

Dijei yule aliitwa Keith Salt. Siku za kazi aliuza viatu. Neville alimfuata dukani kesho yake, akaweka daftari juu ya kaunta. Mazungumzo yao ninayo hapa.

"Najua ni wewe," Keith alimwambia. "Jina lako liko chini ya karatasi. Nimeinunua kwa akina mama wa kanisa, kwenye kasha la nyimbo za Krismasi."

"Itoe karatasi."

"Kaka, nikiitoa leo, Jumapili sakafu tupu. Hawa wanataka Detroit. Nikiwaambia ni Nev wa tanurini, jirani wa shangazi zao, nani atacheza?"

"Basi mpigie binti yangu mara moja. Tangu mwanzo."

"Mwanzo huwa nauruka. Kuna kelele za kugongagonga, zinawavuruga wachezaji."

Neville aligonga kaunta kwa pete. Tatu, kimya, kisha moja.

"Ehe, hizo hizo," Keith akasema. "Zinakera. Nipe hadi Krismasi, halafu nakuletea mwenyewe mpaka mlangoni. Naapa."

Krismasi ilifika, na Keith alikuwa amehamia Blackpool na kasha lake. Neville aliandika barua thelathini na nne. Zote zipo, nakala kazitunza. Ya kwanza ina hasira. Ya kumi ina heshima. Ya thelathini na nne inasema tu, "Bwana Salt, tafadhali." Hakujibiwa hata moja.

Akaenda kwa Wilf kuomba nakala yake, maana wenzao wawili walikuwa wameshapoteza zao. Wilf alishika kichwa. Mkewe alikuwa ameiloweka kwenye maji ya moto akaikunja, akaifanya chombo cha maua, kama walivyofanya wanawake wengi mtaani mwaka ule. Ilikuwa dirishani na ua limekufa ndani. Neville aliandika, "Naweza kuichukua?" Alikwenda nayo nyumbani, akajaribu kuinyoosha kwa pasi, ikayeyuka pamoja na lebo.

Miaka ishirini na zaidi, kila Jumamosi, alizunguka masoko ya vitu vikuukuu. Stoke, Leek, Crewe, Macclesfield. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa vumbi la santuri za watu wengine. Nilimwona mwenyewe akirudi kwenye mvua, mikono mitupu, anapita dirishani kwangu bila kuinua kichwa. Niliona uchungu nikafunga pazia. Ningemfungulia mlango, wapendwa, ningempa chai. Sikufanya.

Janine alipokuwa na miaka kumi na mitano, mama yake alimwambia, "Baba yako aliimba vizuri, wewe." Janine akacheka. "Mama, baba wa kila mtu Burslem nusura awe nyota." Neville alikuwa mlangoni. Daftari la siku hiyo linasema: "Sitamwambia tena mpaka niishike mkononi." Na kweli hakumwambia tena. Beryl alifariki mwaka 1998. Neno lake la mwisho kwa mumewe, Neville kaliandika, lilikuwa, "Ningelitupa kabati zima nikaiacha ile santuri."

Mwezi uliopita mapafu yalimshinda. Siku ya mwisho Janine alikuwa pembeni, naye baba akagonga chuma cha kitanda kwa pete. Tatu, kimya. Ile moja haikufika.

Baada ya mazishi tulikusanyika klabuni, ileile, kwa chai na mikate ya nyama ya nguruwe. Mzee mmoja aliingia na fimbo na mfuko wa plastiki. Hakuna aliyemjua. Akamwendea Janine.

"Mimi ni Keith Salt. Nimeona tangazo gazetini."

"Ulimjua baba?"

"Nilimwibia," mzee akasema. "Kila mwaka nilijiambia nitaileta. Kadiri nilivyochelewa ndivyo nilivyoona haya. Sina la kujitetea."

Akatoa santuri. Karatasi nyeupe ilikuwa imegeuka njano. *Lucius Tarrant.* Janine akaipeleka jikoni mwa klabu, akaishikilia kwenye mvuke wa birika, akaanza kuibandua kwa ukucha, taratibu, sote tumemzunguka. Karatasi ikatoka. Na lebo ikatoka nayo. Gundi ya miaka hamsini ilikuwa imelamba wino wote. Chini hapakuwa na jina la Neville Bloor. Hapakuwa na jina la mtu yeyote.

"Sasa nani ataamini?" Janine akamuuliza Keith. "Nani, wewe?" Mzee alilia mbele za watu.

Katibu wa klabu wa siku hizi akaleta mashine ya santuri kutoka stoo. Ilikuwa saa ya bingo. Kadi zimeshagawiwa, watu wameshika kalamu. Akasema, "Bingo itasubiri." Sijawahi kusikia maneno hayo Burslem, na sitegemei kuyasikia tena.

Keith akataka kuiweka sindano mbele kidogo, kwa mazoea. Janine akamshika mkono. "Tangu mwanzo."

Sindano ikashuka. Mikwaruzo. Halafu pete kwenye mbao: tatu, kimya, kisha moja.

Janine aliinuka kwenye kiti kama mtoto aliyeitwa chakula. Alikwisha piga hatua mbili kuelekea mlangoni kabla hajakumbuka. Akakaa chini sakafuni na nguo yake nyeusi. Sauti ya kijana wa miaka ishirini na mmoja ikajaza ukumbi, na yeye hakuwa anaisikiliza. "Nilimwita muongo," alisema. Akasema tena, "Nilimwita muongo." Wimbo ulipoisha aliurudisha. Si wimbo, mwanzo tu. Aliurudisha mara tisa, hakuna aliyemzuia.

Wanaokusanya santuri wamekwisha andika kwamba ushahidi hautoshi, na kwao mwimbaji bado ni Lucius wa Detroit. Waendelee. Wasikilizaji wapendwa, kutoka studio hii natoa pole kwa Janine Bloor, kwa watoto wake wawili, na kwa Wilf Tunnicliffe, ambaye bado yupo na bado ana haraka. Poleni sana. Na wewe uliyekaa na kitu cha mtu kabatini, ukijiambia utampelekea Krismasi, kipeleke leo. Na wewe unayemwona jirani akipita kwenye mvua, mfungulie. Namwambia msikilizaji, na ninajiambia mwenyewe.

Nilimwomba Janine ruhusa nipige wimbo wote hapa. Amekataa. Wimbo ni wake, amesubiri vya kutosha. Ametukopesha sekunde nne za mwanzo, na nimemuahidi sitaziruka. Zimeni mazungumzo. Anabisha hodi Neville Bloor.