Siku Helmi Trembath Aliponyamaza

Ndugu, majirani na marafiki, marehemu aliagiza wasifu huu usomwe polepole, nyote mkiwa mmeketi na milango imefungwa. Mimi ni Tauno Kauppi, mtoto wa kaka yake Arvo, na nasoma kwa niaba ya familia. Wale mlioanza kusoma karatasi ya ibada kutoka mwisho, rudini hapa tuwe pamoja. Shangazi hakupenda watu wa njia ya mkato.

Marehemu Helmi Orvokki Trembath alizaliwa Jumapili, tarehe 3 Februari 1946, mjini Calumet, Michigan. Alikuwa kitinda mimba wa mzee Eino Kauppi, mchimba shaba, na mkewe Impi. Walimtangulia wavulana watatu, na nyuma ya nyumba yao kulikuwa na bwawa lililoganda karibu nusu ya mwaka. Kaka zake walikuwa na magongo ya hoki lakini hawakuwa na golikipa, basi wakamfunga katalogi nene za dukani miguuni, wakamkabidhi ufagio na kumsimamisha langoni. Helmi alipokuwa na miaka kumi na miwili, Arvo alikipiga kile kidude cheusi cha mpira kikamng'oa jino la mbele. Baba yangu alikisimulia kisa hicho hadi uzeeni, na hakubadili mwisho wake: Helmi alitema damu kwenye theluji, akauliza kama goli limeingia. Halikuingia.

Alimaliza sekondari mwaka 1964 na kujiunga na Chuo cha Mtakatifu Henrik, hapa Ahola. Wiki ya kwanza tu alikwenda kwa msimamizi wa michezo wa wakati huo kuuliza wasichana hujiandikisha wapi kucheza hoki. Alijibiwa kwa upole kwamba barafu ina wenyewe, ila wasichana wanakaribishwa kushangilia. Akashangilia kwa miaka miwili, kwa sauti ambayo waamuzi waliilalamikia. Jibu lile lilimuuma, na hakuwahi kusema kwamba amelisamehe.

Kuanzia mwaka 1967 hadi alipostaafu mwaka 2008, marehemu alikuwa tarishi wa posta katika njia ya mashambani, akiwa na koleo la theluji nyuma ya gari na biskuti za mbwa mfukoni. Kazi hiyo ilimfundisha watu. Alijua mlango unaofunguliwa mara moja, na mlango ambao mwenyewe huchungulia kwanza pembeni mwa pazia. Baadaye alibisha yote miwili, na ule wa pazia aliubisha zaidi.

Tarehe 20 Juni 1970, katika kanisa hili hili, alifunga ndoa na Bwana Wesley Trembath, fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye ukoo wake ulitoka Cornwall, Uingereza. Hapo ugomvi wa pai ukaingia nyumbani. Nyote mnajua kwamba watu wa Cornwall hutia tanipu kwenye pai ya nyama na viazi, na sisi wenye asili ya Ufini hutia karoti. Bwana Wesley alisema karoti ni chakula cha farasi. Shangazi akamjibu, "Ndiyo maana nakupakulia wewe kwanza." Waliishi kwa mapenzi makubwa, wakajaliwa binti mmoja, Karin. Bwana Wesley alitutoka mwaka 2011, na tangu hapo Shangazi alioka pai za tanipu peke yake, akizila huku akizisema vibaya.

Majira ya kupukutika majani ya mwaka 2021, marehemu alikwenda kutazama mazoezi ya chuo. Langoni alimwona Dani Loonsfoot, binti kutoka Baraga, akifanya mazoezi na wavulana kwa sababu timu ya wasichana haikuwapo. Siku ya mechi Dani huketi jukwaani. Miaka hamsini na saba ilikuwa imepita, na barafu bado ilikuwa na wenyewe. Shangazi alitoka pale moja kwa moja hadi kwenye baraza la chuo. Baraza lilikubali kuanzisha timu ya wanawake, kwa sharti kwamba watu wa mji walete gharama zote za mwaka wa kwanza kabla ya kikao cha tarehe 15 Aprili 2024. Nadhani walifikiri wamemkatalia kwa adabu. Hawakumjua.

Kila Alhamisi aliwakusanya akina mama katika chumba cha chini cha kanisa kuoka pai. Ukutani alitundika ubao mmoja wa karoti na mwingine wa tanipu, ili mji uone ni upande gani unanunua zaidi. Kwa hiyo alituuzia ugomvi wetu wenyewe, nasi tulipanga foleni kuununua. Wapo waliokula pai tatu kwa siku ili ukoo wao usiaibike. Mmoja wao ndiye anayewasomea. Shangazi aliomba michango kwenye harusi, kituo cha mafuta, na Mungu amsamehe, aliomba hata kwenye mazishi. Wahenga walisema mwomba chumvi huombea chungu chake. Shangazi aliombea chungu ambacho yeye mwenyewe asingeonja chakula chake.

Mtu mmoja tu alimshinda. Bwana Waino Ruona, mwenye kiwanda cha mbao, alisoma naye chuoni na kuchezea timu ya wavulana ambayo Shangazi alikuwa akiishangilia. Kila Jumanne alasiri Shangazi alikwenda ofisini kwake kuomba. Kila Jumanne alipewa kahawa na mkate wa iliki, akasikilizwa kwa saa nzima, na akarudi bila senti. Alhamisi moja ya Novemba iliyopita, Bwana Ruona alipokuja kununua pai, Shangazi akamwanza tena mbele ya wapishi wote.

"Helmi, huo mdomo hauna likizo?" akauliza Bwana Ruona.

"Likizo yangu unayo wewe. Toa, nikapumzike."

"Siku utakayonyamaza, mama, ndiyo siku nitakayotoa. Tena nitamalizia chote kilichopungua."

Shangazi akawageukia wapishi. "Mmemsikia?" Wakasema wamemsikia. "Haya, Waino. Kula pai yako. Nimekuwekea ya karoti."

Mwezi Desemba, katika hospitali ya Marquette, aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Hakutuficha na hakujificha. Alipoishiwa nguvu za kutembea, aliomba kwa simu. Daktari wake alitoka chumbani akiwa amenunua pai sita. Kila Jumanne alisisitiza nimpeleke kiwandani, na mara ya mwisho Bwana Ruona mwenyewe alimbeba mikononi kumshusha garini. Alifariki nyumbani kwake Jumanne, tarehe 9 Aprili 2024, saa tisa alasiri, saa ya kahawa. Tulikuwa tumemshika mikono. Mimi nililia kama mtoto, na bado sijamaliza.

Marehemu ameacha binti yake Karin na mkwewe Paul Niemi, wajukuu wawili, Elsa na Oskar, sisi watoto wa kaka zake, na wasichana wa timu ambayo bado haipo. Ndio watakaobeba jeneza, Dani akiwa mbele.

Familia iliomba msilete maua, na sababu mnaijua. Kikao cha baraza ni keshokutwa, Jumatatu. Hadi asubuhi ya leo zimepungua dola elfu thelathini na moja. Mimi si mwombaji, nilimwambia Shangazi hivyo Jumapili iliyopita, akaniambia, "Hutaomba. Utafikisha salamu tu." Kofia ya golikipa itapitishwa sasa, na kwa agizo lake itaanzia safu ya nyuma, karibu na mlango, alipoketi Bwana Waino Ruona.

Bwana Ruona, salamu zako ni hizi, kama alivyozisema: "Mwambie Waino nimenyamaza. Ahadi ni deni. Halafu mwambie najua kwa nini hakutoa. Alidhani nikishapata, Jumanne sitakuja tena. Mwambie ningekuja."

Mungu amlaze Shangazi yetu mahali pa amani. Kazi ya kuomba ametuachia sisi.