Murshid Aliyepeleka Jenereta Kwenye Barafu

Miaka kumi na tisa! Tangu 2007 Bwana Murshid wa Tanga anatufungia mizigo hapa ofisi ya kago, mtaa wa Xiaobei huku Uchina, na Ijumaa hii, tarehe 27 Machi 2026, anaweka chini mkasi arudi nyumbani. Nimeambiwa niandike mimi mpishi wenu, Mama Shifa. Haya, naandika, tena kwa furaha.

Alianza kwa kubeba marobota begani kutoka masoko ya Liuhua, akawa mfungaji, sasa msimamizi wa stoo. Robota alilofunga yeye halijapasuka njiani hata moja, na mzigo wa mtu haugusi mpaka mwenyewe akubali.

Lakini mimi nataka kusema ya Februari mwaka juzi. Shifa wangu alikwenda kula sikukuu ya mwaka mpya wa Wachina kwa rafiki yake Lan, fundi cherehani wa mtaa wa Kangle hapa mjini, kijijini kwao milima ya Hunan. Ikanyesha mvua ambayo ikigusa kitu inaganda papo hapo. Mianzi ikaangukia nyaya, nguzo zikalala, mabomba yakaganda, mabanda ya mboga yakabomoka na mboga zake. Kijiji kizima giza, simu ya mwanangu kimya siku tatu! Mimi jikoni wali unaungua, nalia tu.

Stoo kulikuwa na jenereta mbili za mteja wetu Anastazia wa Mwanza, zinangoja meli. Bwana Murshid akampigia hapo hapo, kuomba kuziazima. Anastazia akacheka: "Sisi tunaokatikiwa umeme kila leo tuwanyime wenzetu? Chukua, kaka, ila mafuta weka yako!"

Bwana Murshid akapanda lori nazo, na makoti matatu mwilini. Mwisho wa njia barafu ilifunga barabara, wanakijiji wakashuka wakazibeba kwa miti ya mianzi. Kumbe kwa mazoea alizifunga kama za kuvuka bahari, nailoni tabaka saba, maandishi DAR ES SALAAM kila upande! Saa nzima watu wanakata. Shifa akamwambia, "Mjomba, humu hata hewa haijaingia!"

Kinamama wa kule watoto wao wako viwandani huku kwetu, nao hawakuwa wamesikia sauti zao. Jenereta zilipowaka, Bwana Murshid akapanga simu foleni ya kuchaji, wazee kwanza. Ya Shifa ikawa ya thelathini na moja. Nilipojua nilikasirika, nasema kweli, aliporudi wiki nzima nilimpakulia Bwana Murshid mchuzi bila nyama. Kisha Lan akanieleza: simu ya kwanza ilikuwa ya bibi wa miaka themanini, na mwanawe alikuwa ameshaanza kupanda mlima kwa miguu kumtafuta. Sauti ya mama ndiyo iliyomrudisha kutoka kwenye ile barafu. Nikalia upya.

Asante, Bwana Murshid, kwa mgongo wako na moyo wako. Mungu akupe afya na usingizi mzuri. Ukifika Tanga, mpigie kwanza mama yako. Sisi tutangoja foleni.