Mtoto wa Dirisha

REDIO: Haloo! Haloo? Shangazi, unanipata?

SHANGAZI: Haloo, nani mwenzangu?

REDIO: Mimi, Shangazi. Shikamoo.

SHANGAZI: Mimi nani? Wenye jina hilo ni wengi.

REDIO: Mimi Redio! Mjukuu wa Bibi!

SHANGAZI: Aa, Redio. Marahaba. Mbona leo unakwaruza? Sogea panapokamata.

REDIO: Nimesimama juu ya stuli, Shangazi. Nisogee wapi tena, mbinguni? Bibi yuko wapi?

SHANGAZI: Ndani kwa daktari wa macho, wanamfungua bandeji. Mimi niko koridoni, kwenye benchi. Kwani—

REDIO: Hakusikii?

SHANGAZI: Si nimekwambia yuko ndani? Umevunja nini?

REDIO: Sijavunja kitu. Bado. Shangazi, wewe si ndiye unayeosha vioo vya ile hoteli?

SHANGAZI: Ndiyo kazi yangu, unaijua.

REDIO: Sasa... kioo kinaoshwaje?

SHANGAZI: Rudia.

REDIO: Kioo cha dirisha. Kinaoshwaje kisibaki na michirizi?

SHANGAZI: Redio. Unalala chumba cha uani kwa Mama, bure. Unakula bure, na sahani unaongeza. Kazi uliyopewa ni moja tu: dirisha la sebuleni, lile analokaa. Unataka kuniambia muda wote huu—

REDIO: Nilikuwa nalifuta!

SHANGAZI: Kwa kitu gani?

REDIO: Kwa macho. Nalitazama, naona liko sawa, napita.

SHANGAZI: Na Mama akilalamika kwamba lina ukungu?

REDIO: Namwambia, "Ni macho yako, Bibi."

SHANGAZI: Ee Mola wangu.

REDIO: Lakini si kweli? Mmempeleka, daktari kamkuta na mtoto wa jicho! Mimi ndiye niliyegundua ugonjwa. Ningestahili hata asante.

SHANGAZI: Asante yako inakuja. Unajua alichoniambia asubuhi njiani? "Nikirudi na jicho jipya nikakuta ukungu ni uleule, Redio afunge virago arudi kwa baba yake."

REDIO: Kwa Baba! Shangazi, kule nalala sebuleni, na wale mapacha wanalia kwa zamu kama walinzi!

SHANGAZI: Basi jibu upesi. Umefutia nini mpaka sasa?

REDIO: Taulo.

SHANGAZI: Taulo gani?

REDIO: La... wageni.

SHANGAZI: Lile la kabatini? Ambalo hata mimi sijawahi kupewa? Lenye lebo?

REDIO: Lebo ipo, Shangazi, sijaitoa. Ila kioo kimeota ndevu. Ndevu za bluu.

SHANGAZI: Lazima kiote! Taulo jipya halinywi maji, linayatembeza tu, halafu linaachia manyoya. Kioo kinataka kitambaa kilichochoka. Kilichofuliwa mpaka kikasahau rangi yake.

REDIO: Nina taulo la jikoni, hilo limechoka kweli—

SHANGAZI: Lina mafuta hilo. Utakikaanga kioo.

REDIO: Na gazeti? Maana nimejaribu, sasa kioo kina matokeo ya mpira.

SHANGAZI: Redio...

REDIO: Tumefungwa.

SHANGAZI: Sabuni umeweka ipi?

REDIO: Ya unga. Kopo moja.

SHANGAZI: Kopo! Unaosha dirisha au unafua mablanketi ya jeshi? Michirizi yote hiyo ni sabuni! Mwaga. Chukua maji safi, tone moja la sabuni ya vyombo, na siki kidogo. Tone, Redio, si mkono ukateleza. Wipa unayo?

REDIO: Wipa?

SHANGAZI: Ule mpira wenye mpini, wa kuburuzia maji. Kama wipa ya gari.

REDIO: Aa, hiyo ninayo. Tena ya gari hasa.

SHANGAZI: Umeitoa wapi?

REDIO: Niliiona imekaa tu... Shangazi, na upande wa nje kuna majani ya chai yamegandia. Si unamjua Bibi, akimaliza kunywa anafungua dirisha, anamwagia maua machicha yake. Siku nyingine hafungui vizuri.

SHANGAZI: Yaloweshe kwanza, usiyakwangue. Halafu— ngoja, daktari ananiita.

REDIO: Shangazi, usikate! Salio ndilo hilohilo!

[Mlango unafunguliwa, unafungwa.]

SHANGAZI: [kwa kunong'ona] Redio. Bado uko juu ya stuli?

REDIO: Ndiyo.

SHANGAZI: Shuka.

REDIO: Nini? Bibi ana nini?

SHANGAZI: Bibi mzima. Daktari anasema mtoto wa jicho alikuwa kwenye jicho la kulia peke yake.

REDIO: Na la kushoto?

SHANGAZI: Halina kasoro hata chembe. Halijawahi kuwa nayo. Kwa hilo jicho anasoma mpaka zile herufi za chini kabisa ukutani, ambazo daktari mwenyewe nahisi amezikariri tu.

REDIO: Kwa hiyo alipokuwa akiniambia dirisha chafu...

SHANGAZI: Alikuwa analiona.

REDIO: Na nilipokuwa nikimwambia ni macho yako...

SHANGAZI: Alikuwa anakutazama wewe. Kwa la kushoto.

REDIO: Shangazi, nimeshuka kwenye stuli na bado nahisi kizunguzungu.

SHANGAZI: Sikiliza haraka, anatoka sasa hivi, na masikio yake hayana mtoto. Kwanza— [pembeni] Polepole, Mama, kuna ngazi hapo. Eh? Naongea na nani? Na... rafiki yangu wa kazini. Amejifungua.

REDIO: Nani kajifungua?

SHANGAZI: Wewe, shoga yangu! Hongera! Mtoto hajambo?

REDIO: Mtoto g— aa. Aaa! [kwa sauti nyembamba] Hajambo, shoga. Ila ana ndevu.

SHANGAZI: [pembeni] Anasema mtoto ana ndevu, Mama. Hapana! Vinyweleo! Vile vya kuzaliwa navyo. [kwenye simu] Sasa shoga, sikiliza. Huyo mtoto kwanza mpanguse vumbi akiwa mkavu.

REDIO: Vumbi. Sawa.

SHANGAZI: Usimwogeshe juani. Atakauka kabla hujamfuta, akae na mabaka.

REDIO: Jua limemfikia kifuani, shoga.

SHANGAZI: Funga pazia! Yaani... mfunike. Halafu unaanzia kichwani. Unashuka naye moja kwa moja mpaka miguuni, bila kusimama njiani. Ukifika chini unapangusa wi— unapangusa mkono wako, ndipo unarudi juu, unapita pembeni ya ulipopita.

REDIO: Kila mara napangusa?

SHANGAZI: Kila mara. [pembeni] Eh, Mama? Mama anauliza mtoto gani anaoshwa kwa mistari.

REDIO: Mwambie ni mrefu.

SHANGAZI: Ni mrefu, Mama, kamfuata baba yake. [kwenye simu] Kisha pembeni, kwenye kona, unamkausha kwa kitambaa kikavu. Kingine, siyo kilekile cha kuloweshea. Umenielewa?

REDIO: Kimoja cha maji, kimoja cha kukaushia. Sasa hicho kikavu ndicho sina! Mataulo yote ama mapya ama yana mafuta.

SHANGAZI: [pembeni] Anasema hana taulo la mtoto. Eh? ... Shoga, Mama anasema usimguse mtoto na taulo jipya, linaparuza. Tafuta nguo kuukuu ya pamba. Anasema watoto wake wote aliwafutia nguo zilizochoka, na waling'aa.

REDIO: Bibi kasema hivyo?

SHANGAZI: Kwa mdomo wake.

REDIO: Shoga... nguo ya pamba iliyochoka ninayo moja tu. Ile fulana yangu ya fainali.

SHANGAZI: Ichane.

REDIO: Ile tuliyochukulia kombe!

SHANGAZI: Shoga. Unataka fulana, au unataka mapacha?

[Kitambaa kinachanika.]

REDIO: Nimeichana. Tulikuwa timu nzuri.

SHANGAZI: Poleni. Mwogeshe sasa, sisi tunaingia kwenye ga—

[Mtandao unakwaruza. Simu inakatika. Inaita tena.]

SHANGAZI: Haloo, shoga?

REDIO: Ilikatika. Mnatoka saa hizi?

SHANGAZI: Tumeshafika njia kuu. Mtoto?

REDIO: Ametulia, shoga. Kichwani mpaka miguuni, napangusa, narudi. Ule mpira unateleza mpaka raha, maji yanashuka kama pazia. Kumbe nje kuna nyumba nyingine! Nilidhani ule ni ukuta wetu.

SHANGAZI: Kona?

REDIO: Kona bado. Naona... hee, naona maua ya Bibi. Ni mekundu?

SHANGAZI: Ni mekundu tangu yapandwe. Endelea. [pembeni] Eh, Mama? ... Mama anamwambia Dereva kioo cha gari kina michirizi.

REDIO: Ameanza.

SHANGAZI: Tangu tumetoka yuko hivyohivyo. Nesi kaambiwa miwani yake ina alama za vidole. Sasa Dereva anarusha maji kioo— Mungu wangu, sauti gani hiyo?

[Kwaruu. Kwaruu.]

REDIO: Shoga... mmepanda gari la nani?

SHANGAZI: La Dereva, jirani yenu. Lile linalolala mbele ya nyumba yenu.

REDIO: Oh.

SHANGAZI: Anashangaa, anasema upande wa abiria kumebaki chuma kitupu, mpira hau— Shoga yangu.

REDIO: Naam.

SHANGAZI: Huyo mtoto umemwogesha na nini hasa?

REDIO: Upande wa abiria si mbaya, shoga. Mwenye usukani anaona.

SHANGAZI: Upande huohuo wa abiria kaketi Mama!

REDIO: Basi afumbe la kushoto! Mwambie Dereva ni panya. Mwambie nitairudisha kabla hajazima injini!

SHANGAZI: Tumekata kona ya dukani.

REDIO: Mbona haraka hivyo! Nakausha kona... kona ya juu... Shangazi, imeisha! Mtoto hana hata doa! Yaani kioo hakionekani. Nimebisha hodi kuhakikisha kipo.

[Honi.]

SHANGAZI: Ndio sisi. Ficha taulo la wageni!

REDIO: Limeshaingia kabatini, kwa ndani ndani.

SHANGAZI: Limekauka?

REDIO: Tusiulizane mambo mengi.

[Mlango wa gari. Sauti ya mwanamume, kwa mbali, ikiuliza jambo kwa ukali.]

SHANGAZI: Redio, Mama anakuja mwenyewe, amekataa kushikwa mkono. Mimi Dereva amenishika hapa, anataka wipa yake. Mpokee!

REDIO: [kwa mbali] Shikamoo Bibi! Karibu, Bibi! Pole, Bibi! Kaa hapa, chai yako hii, nimeshaimimina. [kwa kunong'ona] Shangazi, usikate. Nimeingia jikoni, namchungulia mlangoni.

SHANGAZI: Anafanya nini?

REDIO: Amekaa kwenye kiti chake. Anakunywa chai.

SHANGAZI: Analitazama?

REDIO: Anatazama huko huko. Amefumba jicho moja... amefumba lingine... Shangazi, anapima!

SHANGAZI: Uso ukoje?

REDIO: Uso hauna habari. Kama wa msahihishaji. Ameinua kikombe... amebakiza chai kidogo na machicha. Anasimama. Anasogea dirishani. Anatabasamu! Shangazi, anatabasamu, anayaona maua yake, anaju— Bibi, kioo! BIBI, KIMEFUNGWA!

[Maji yanapiga kioo: pwaa.]

SHANGAZI: Nini hicho? Redio? Redio!

REDIO: Amemwagia maua chai.

SHANGAZI: Sasa?

REDIO: Maua hayajapata.

SHANGAZI: Mungu wangu! Kajiumiza?

REDIO: Hapana, yuko sawa. Dirisha limeloa, gauni limeloa, machicha yanateremka kwenye kioo moja kwa moja, juu mpaka chini bila kusimama. Kama ulivyonifundisha.

SHANGAZI: Usinichekeshe, Dereva ananitazama! Mama anasemaje?

REDIO: Anakigusa kioo kwa kidole. Anapapasa... Ngoja. [kwa mbali] Naam, Bibi? ... Hapana, Bibi, kipo siku zote ... Ndiyo ...

[Mtandao unakwaruza.]

SHANGAZI: Redio! Kasema nini?

REDIO: [polepole] Kasema, "Ni macho yangu, mjukuu wangu. Ni macho yangu tu."

SHANGAZI: Alivyosema... alikuwa anacheka au analia?

REDIO: Sijui, Shangazi. Mimi ndiye sikuona vizuri.

SHANGAZI: Na chumba? Kataja chumba?

REDIO: Sijathubutu kuuli— Naam, Bibi? ... Simu? ... Ni, ni Shangazi, yuko nje. ... Ndiyo, Bibi, nitamwambia. [kwenye simu] Shangazi, una ujumbe.

SHANGAZI: Lete.

REDIO: Anasema umsalimie yule shoga yako aliyejifungua. Umwambie mtoto wake kajichafua tena, amwogeshe. Na atumie fulana, siyo taulo la wageni.

SHANGAZI: Eh! Kumbe alijua!

REDIO: Anasema, "Mimi wanantoa mtoto wa jicho, nyinyi mnanletea mtoto wa dirisha."

SHANGAZI: Tangu lini? Alijua tangu lini?

REDIO: Tangu zile ndevu. Shangazi, na anasema—

SAUTI YA SIMU: Salio lako linakaribia kwisha.

SHANGAZI: Anasema nini? Chumba, Redio! Sema chumba!

REDIO: Anasema mwenye mtoto mchanga hafukuzwi nyumba—

SHANGAZI: Haloo? Haloo! ... [pembeni] Wipa? Wipa utaipata, Dereva. Subiri kidogo, kuna mtoto anaogeshwa.