Santuri Niliyoiimba Kabla ya Kuiona Picha

Hiyo gramafoni ipumzisheni kwanza, wanangu. Najua wimbo ni mtamu, hata kidole changu cha mguu kimeusikia. Wazee, shikamooni. Akina mama mlio nyuma ya pazia, nawaamkieni pia. Nimeomba nafasi kabla chama hakijaupitisha wimbo huu mpya wa Kihindi. Wengi mnanijua kwa kupiga fidla, wala hamjui kwa nini nilipotea hapa chamani karibu mwaka mzima. Leo nalisema. Majina siyataji.

Kazi yetu mnaijua. Santuri ya Bombay ikifika dukani tunaisikiliza mpaka mahadhi yatukae, maneno ya Kihindi tunayatupa, tunatia yetu ya Kiswahili. Hakuna aliyeona haya. Nami nilikuwa bingwa wa mchezo huo, tena bingwa mwenye majivuno.

Ikawa mdogo wangu wa kike anaolewa. Baba na mama walitutoka angali mdogo sana. Nilimlea mwenyewe, nikamsuka nywele kwa mikono hii hii. Nilimsuka vibaya, lakini nilimsuka. Mchumba wake mtu wa Moa. Nikaapa harusi yake itaimbwa wimbo ambao Tanga haijapata kuusikia.

Wiki ile ikaja santuri ya picha mpya. Sauti ya mwanamke, jamani, ya kumtoa nyoka pangoni! Nikauliza hadithi yake. Mwalimu mmoja, jirani yetu pale Usagara, akaniambia picha imetolewa katika riwaya kongwe ya Kiingereza aliyoisoma chuoni. Kijana tajiri, binti wa mtu fukara, jamaa wanawatenganisha.

"Na mwisho?" nikamwuliza.

"Mwisho wanaoana, wanaishi raha mustarehe."

Basi mimi nitafute nini tena?

Sasa sikieni ujinga wangu. Wakwe wa Moa waliingia mjini kwa lori siku moja kabla ya harusi. Nikataka kuwakirimu. Nikawakatia akina mama wote tikiti za sinema ya wanawake, ile ya mchana, wakaione hiyo picha, ili kesho nikiimba wautambue wimbo. Mimi mwenyewe sikuwa nimeiona. Nilishinda na fidla yangu. Wakarudi macho mekundu. Nikafurahi, nikasema, wamekolea hawa. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Harusi ilikuwa alasiri. Shekhe yuko barazani, bwana harusi yuko tayari, bibi harusi yuko ndani na hina yake mbichi. Nikavuta fidla, nikaanza. Ubeti wa kwanza haujaisha, uani wakapiga ukelele. Nikadhani ni vigelegele! Nikaongeza sauti. Lahaula, vilikuwa vilio. Pazia likavutwa, mama wa bwana harusi akasimama mbele yangu bila buibui.

"Unaimba nini wewe?"

"Wimbo wa harusi, mama."

"Harusi ipi? Jana bibi harusi kaimba huu huu huku anakunywa sumu! Kafa na maua yake shingoni, mbele ya macho yangu! Leo unamwimbia mkwe wangu?"

Ndugu zangu, nawaambia, fidla nikaishusha. Nikamtafuta mwalimu kati ya wageni. Nikamwona kaachama kinywa.

"Kitabuni hafi," akasema. "Wallahi, kitabuni hafi!"

Kumbe waliotengeneza picha walikwisha kumwua yule binti wenyewe huko kwao. Nani angetusikiliza? "Mkosi huu siuingizi kwangu," akasema yule mama. Shekhe akavaa viatu vyake. Lori likageuzwa kurudi Moa, pilau ingali jikoni. Mdogo wangu akatoka, mikono kainyanyua hina isichafuke, akaniuliza neno moja tu.

"Kaka, kumbe picha hukuiona?"

Nikainama, nikaanza kulegeza nyuzi za fidla.

Nikaitundika fidla nikaenda Pongwe kukata mkonge, mahali asiponijua mtu. Huko nikaanza kunywa tembo. Ndiyo, wazee wangu, tembo. Mkinuna nuneni, nasema kweli. Mtu akipiga mluzi wa wimbo ule, nainuka naondoka. Mdogo wangu nikamwachia shangazi yetu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba nilimtia aibu kisha nikamkimbia.

Asubuhi moja siku ya mapumziko, nimelala chini na nguo za shamba, nikaona mabuibui mawili mlangoni. Shangazi na mdogo wangu.

"Inuka uoge," akasema mdogo wangu. "Moa wanakutaka."

Nikajua wananitaka wanipige. Kumbe wawili wale walikwenda Moa kwa ujasiri wao. Mdogo wangu akaketi jikoni kwa mama yule, akamwambia, "Mama, siku ile ulisikia mahadhi, maneno hukuyasikia." Kisha akamsomea bila kuimba:

*Sina baba wa kutoa, sina mama wa kulia,*
*Nilichonacho ni wewe, nenda mwanangu tulia.*

Mama yule akaweka mwiko chini. Halafu akasema, "Aliyetunga haya ndiye aje amwoze. Aje na mdomo tu, fidla aiache."

Nikaenda. Kanzu niliazima. Nikasimama mbele ya wanawake wale wale, nikayasoma maneno yangu makavu. Nilipofika ubeti wa pili nikasikia mtu uani ananifuata pole pole kwa mahadhi yale yale ya sinema. Alikuwa mama wa bwana harusi mwenyewe! Wenzake wakadakia. Nikaendelea huku nalia mbele ya watu, sikujali. Nikaha ikafungwa siku ile.

Namshukuru Mungu. Namshukuru shangazi, na mama wa Moa aliyekubali kusikia mara ya pili. Namshukuru mdogo wangu. Nilimlea, naye akaja kunilea. Nanyi wa chama mlinirudishia kiti changu bila masimango, ahsanteni. Mwalimu naye nimemsamehe, ila hadithi simwulizi tena.

Langu ni hili: usimwimbie mtu wimbo usioujua mwisho wake. Na ukishaharibu, usikimbie. Kaa hapo hapo uulizwe.

Sasa, nyinyi mlioileta santuri hii mpya, nawauliza kama nilivyoulizwa mimi. Picha yake mmeiona?

Mbona mnatazamana?