Nyevu Kaingu na Hando Lililoitwa Unene

Wapendwa waombolezaji, watumishi wa Mungu, wazee wetu, akina mama wa ngoma, na wewe mgeni mwenye kamera uliyesimama kule karibu na masufuria, kwa niaba ya familia tunaomba mtusikilize.

Marehemu Damaris Nyevu Kaingu alizaliwa tarehe 12 Agosti 1966 huko Marafa, mtoto wa tatu wa mzee Kaingu na mama Pola, wakulima wa mahindi, akasoma shule ya msingi ya hapo kijijini kuanzia 1974 hadi 1980, na walimu wake wote walikuwa na lalamiko moja, kwamba mtoto huyu ni ufito, upepo utamchukua.

Baada ya masomo alifunzwa na mamake kushona hando, ile sketi ya akina mama wa Kigiriama, marinda juu ya marinda, iliyojazwa vitambaa kiunoni ili nyonga zitokeze, akawa fundi wa kutegemewa, na tangu 1998 akacheza na kikundi chake katika hoteli za Watamu. Aliolewa tarehe 20 Desemba 1986 na Kiponda, mfanyakazi wa mashamba ya chumvi ya Marereni, wakajenga Muyeye, wakajaliwa watoto wawili, Bridgit na Dena.

Tarehe 23 Novemba 2019, katika tamasha mjini Malindi, alipigwa picha kwa nyuma, kuanzia mabegani hadi magotini, na mtu ambaye hakumsalimu wala hakumuuliza jina. Tarehe 4 Machi 2020, siku ambayo dunia nzima huonywa kuhusu unene, picha hiyo ilitoka katika gazeti ambalo hatutalitaja kwa kuwa nalo halikumtaja, chini ya kichwa cha habari Pwani Yafura, na maelezo kwamba huyo ni mwanamke aliyeponzwa na mahamri, huku nusu ya ukurasa huohuo ikitangaza soda. Loo! Watu wazima, wamesoma hadi chuo kikuu, wameshindwa kutofautisha nguo na nyama.

Muyeye hakuna asiyeujua mshono wa Nyevu, kwa hiyo kabla ya saa nne asubuhi alishatambuliwa, watoto wakamfuata njiani wakimwita Pwani Yafura, na wasichana walioagiza mahando wakaja kuyakataa, wakihofia kuandikwa na wao, hadi kikundi kikakosa wachezaji, kikafa. Alichotaka marehemu ni kimoja tu, gazeti liandike maneno mawili, ni hando, basi yaishe. Wiki hiyohiyo alikwenda ofisini kwao na hando kwapani, akalitandaza mezani, nao wakamtazama juu hadi chini, kisha, bila haya, wakamuuliza alitumia njia gani kupungua haraka hivyo, ili wamwandike.

Basi picha ikarudi kila tarehe 4 Machi, mwaka baada ya mwaka, mahamri yakilaumiwa na soda ikitangazwa, na kila mwaka Nyevu akawatumia barua isiyojibiwa.

Mwezi wa Novemba 2023 alianza kushindwa kumeza, akagunduliwa na saratani ya koo, akatibiwa hapa na pale. Tarehe 4 Machi 2025 alipimwa hospitalini, akawa na kilo thelathini na nane, na alipokuwa kwenye benchi akimngoja daktari, Bridgit alichelewa kulificha gazeti la mtu aliyeketi kando yao, marehemu akajiona kwa mara ya sita. Hakulia, aliuliza tu kama maneno yake mawili yamo, akaambiwa hayamo. Alifariki Ijumaa tarehe 7 Machi 2025, saa tisa alasiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Muyeye waliompikia uji hata alipoweza vijiko viwili tu, na akina mama wa ngoma waliomwosha na kumvisha.

Gazeti hatulishukuru. Mgeni wetu, tumeambiwa wao ndio waliokutuma, na habari yenu tunaweza kuikisia, kwamba unene umemuua. Jeneza hili limetoka barabarani mabegani mwa wanaume wanne, hawakupokezana na hakuna aliyetoka jasho. Hando lake liko hapo juu, sogea ulishike kwa mikono yako, ulibonyeze, kisha umpige picha yenye uso, halafu uandike yale maneno mawili, ni hando. Amechelewa kuyasoma, lakini yaandike.

Pumzika kwa amani, Nyevu, ufito wetu.